Chupa Sita Zilizopoteza Lebo

Mvua ya Jumapili ilipita kwenye paa la stoo ya maabara kana kwamba paa lenyewe halikuwapo. Jumatatu asubuhi Mama Maabara alipofungua mlango, maji yalimpokea vifundoni. Masanduku ya chini yalikuwa yamelowa chapachapa, karatasi za kuchujia zimegeuka uji, na kwenye rafu ya katikati, pale maji yalipochuruzika ukutani usiku kucha, chupa sita za kioo zilisimama uchi. Lebo zake zilikuwa sakafuni, wino umetoka, karatasi imekuwa tope. Chupa zote zilikuwa za kimo kimoja, na ndani ya kila moja mlikuwa na kimiminika kisicho na rangi, ukikitazama ukadhani ni maji ya kunywa.

Na Alhamisi ulikuwa mtihani wa vitendo wa kidato cha nne.

Mkuu wa shule alifika akiwa amekunja suruali, viatu mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, ambaye hata walimu wanaume walinyoosha mgongo walipomsikia akija.

"Hizi nazo?"

"Zimepoteza lebo, mkuu."

Mkuu akashusha pumzi. "Afadhali. Nilidhani zimevunjika. Si una pua wewe? Zinuse, uziandike upya, saa nane niletee orodha." Akageuka akaenda zake kukagua madarasa, maji yakimrukia miguuni, bila kuona kwamba aliyemwacha nyuma alikuwa amekauka kama gogo.

Pua ya Mama Maabara ilikuwa na historia pale shuleni. Aliingia miaka ishirini na sita nyuma kama mfagizi, na elimu yake ya shule ya msingi. Siku moja mwalimu wa kemia wa wakati huo aliacha chupa mbili wazi mezani, akasahau ipi ni ipi. Yule mfagizi aliyekuwa akipita na ndoo akasema, "Hii ya kushoto ndiyo ile ya jana, mwalimu. Ya kulia inanuka kama duka la rangi." Ikawa kweli. Kuanzia hapo, kila jambo la chupa lilipotatiza, waliitana: muulizeni mama wa maabara. Ufagio ukabaki kwa mwingine, yeye akapewa ufunguo wa stoo. Wanafunzi walitaniana kwamba anaweza kunusa uongo toka mlangoni. Watu wenye vyeti walikuja wakaondoka, yeye akabaki. Hata mwaka huu ilipokuja barua ya kutaka wafanyakazi wa maabara wasio na vyeti wapimwe upya, mkuu mwenyewe alijibu kwa mkono wake kwamba huyu ana uzoefu usio na kifani, aachwe.

Kile ambacho mkuu hakukijua, wala mtu yeyote, ni kwamba miezi minne iliyopita Mama Maabara aliugua mafua makali yaliyomlaza wiki mbili. Yeye aliinuka kitandani. Pua yake haikuinuka. Mwanzoni alijipa moyo kwamba imeziba tu. Wiki zikapita. Sabuni haikuwa na harufu, kitunguu hakikuwa na harufu, nguo zilizopigwa pasi hazikuwa na harufu. Binti yake alipomleta mjukuu mchanga, aliweka pua kwenye kichwa cha mtoto kwa muda mrefu hadi binti akacheka, "Mama, utammaliza!" Hakuna aliyejua alikuwa akitafuta nini pale.

Sasa alifungua chupa ya kwanza, akaupepea mvuke kwa kiganja kuelekea usoni kama alivyofundishwa, akavuta pumzi. Hakuna kitu. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Akajaribu ya pili, ya tatu, zote sita. Kisha akarudi kwenye ile ya kwanza, akaitikisa, akaona inacheza kwa wepesi, akajisemea kwamba kitu chepesi hivi ni spiriti tu. Akakata kipande cha karatasi, akaandika SPIRITI, akabandika.

"Shikamoo mama. Pole na mafuriko."

Alikuwa mwalimu mpya wa kemia, ana wiki tatu tangu aripoti. Shule hii hii ndiyo iliyomsomesha. Akiwa kidato cha pili alimvunjia Mama Maabara bika tatu za kioo kwa siku moja, na hadi leo alimwamkia kama mtu anayedaiwa maelezo. Akaisogelea meza, akasoma lebo mpya, akafungua chupa ili amimine kidogo. Akairudishia kifuniko.

"Mama, hii umeinusa?"

"Nimeinusa."

"Hebu inuse tena."

Akainusa, kwa madaha ya miaka ishirini na sita. "Spiriti."

Mwalimu alimtazama, akaenda akarudishia mlango, akarudi. Alisema polepole, "Mama, hii ni asetoni. Ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Dada yangu mdogo angeijua akiwa usingizini."

Hapakuwa na pa kujificha. Mama Maabara aliketi kwenye stuli, akashika tama. Alipoanza kusema, sauti ilitoka ndogo. "Miezi minne sasa. Mwanangu, ukimwambia mkuu, mimi nimemwaga unga. Hapa sina cheti, sina nini. Nilikuwa na pua."

"Sijaja kumwambia mtu kitu."

"Basi nusa wewe, mimi niandike."

Akatikisa kichwa. "Hata mimi sinusi. Mwongozo wa mitihani unasema chupa ikibandikwa lebo upya, tuandike tumeijuaje. Tumepima nini, tumeona nini. Ukiandika tumenusa, wanaitupa lebo na chupa yake. Kwa hiyo mama, hata pua yako ingekuwa nzima, leo isingetufaa."

Ajabu ni kwamba maneno yale, ambayo yangeweza kumuuma, yalimpunguzia mzigo. Akainuka. "Haya. Tuanzie wapi?"

"Tuanzie kwenye hili: vinavyoshikana sana na vinavyoshikana kidogo."

Mwalimu alichukua kalamu ya nta, akaziandika chupa namba, moja hadi sita. Kisha akamwambia aziinamishe zote, moja baada ya nyingine. Tano zilicheza kama maji. Namba nne ilijivuta kwa uvivu, ikaacha utando mzito kwenye kioo.

"Gliserini," alisema Mama Maabara mara moja. "Hii hata bila pua."

"Ndiyo. Lakini kwa nini ni nzito?"

"Kwa sababu ni gliserini!"

Wakacheka wote wawili. Mwalimu akachora ubaoni. Akamwambia kila kimiminika kimejaa molekuli, vijipande vidogo visivyoonekana, na kinachovizuia visiruke hewani ni jinsi vinavyovutana. Katika molekuli ya gliserini kuna mahali patatu ambapo haidrojeni imeshikamana na oksijeni. Oksijeni ni mchoyo: elektroni za kugawana, yeye huzivutia kwake. Kwa hiyo upande wake unakuwa hasi kidogo, na ile haidrojeni iliyonyimwa inabaki chanya. Haidrojeni ya huyu basi inaivamia oksijeni ya jirani na kuing'ang'ania.

"Kwa hiyo kila mmoja ana mikono mitatu," alisema Mama Maabara.

"Mitatu ya kushika, na inashikwa pia. Ndiyo maana hata kumiminika ni kazi. Hiyo tunaiita bondi ya haidrojeni. Ina nguvu kuliko nyingine zote tutakazoziona hapa leo."

Alipanga vipande sita vya kioo kwenye dirisha, akaviandika namba, na Mama Maabara, kwa mkono uliozoea, akaweka tone moja moja kwa kipira cha kudondoshea, akikisuuza na kukikausha kila mara. Kisha wakaitazama saa ya ukutani. Tone la kwanza na la tatu yalitandaa na kutoweka karibu pamoja, hata dakika haikuisha. La tano lilichelewa kidogo, likaenda. La pili lilisimama kama shanga, duara, halina habari. La nne halikutikisika kabisa, na la sita bado lilikuwa halijaamua.

"Zilizoondoka haraka ndizo zisizoshikana," alisema Mama Maabara, na mwalimu akamtazama kwa furaha ambayo hakuificha.

"Sasa tuzitenganishe hizo mbili zilizokimbia. Weka maji ya bomba kwenye neli mbili za majaribio. Moja utie namba moja, nyingine namba tatu."

Namba moja ilipotea ndani ya maji, wakawa kitu kimoja. Namba tatu ilikataa. Ilitikiswa, ikagawanyika vitone, kisha ikapanda juu na kukaa pale, mstari umenyooka kati yake na maji kama uliochorwa kwa rula.

"Heksani," alisema mwalimu. "Kaboni na haidrojeni tupu. Hawa hawana upande chanya wala upande hasi wa kudumu. Elektroni zao zinahangaika tu huku na huku. Kuna wakati, kufumba na kufumbua, zinarundikana upande mmoja. Jirani naye anashtuka, zake zinasogea, wanavutana kidogo. Halafu basi. Mvutano huo wa kupita wanao wote, hata maji, ila heksani hana mwingine. Kwenye maji hana wa kumshika."

"Na asetoni je? Naye kakimbia vilevile."

"Asetoni ana oksijeni, kwa hiyo ana ncha mbili, chanya na hasi, na ncha zinavutana. Ila haidrojeni zake ziko kwenye kaboni, hazijanyimwa vya kutosha. Wenyewe kwa wenyewe hawawezi kushikana kwa ile bondi. Lakini maji yakija na haidrojeni zake, oksijeni ya asetoni inazipokea. Ndiyo maana wamechanganyika."

Mama Maabara aliyazungusha maneno yale kichwani. Miaka yote hii alijua kwamba grisi ya bomba la gesi haiondoki kwa maji, inaondoka kwa heksani. Alijua spiriti ikimwagika mkononi hupoza kuliko maji. Alikuwa akivijua vitu hivi jinsi mtu anavyowajua majirani wa mtaa, kwa sura na tabia, bila kujua nani ni ndugu wa nani. Akaichukua rula ya plastiki, akaisugua kwa kitambaa kama alivyowahi kuona walimu wakifanya, akaisogeza kwenye uzi mwembamba wa maji ya bomba. Maji yakapinda yakaifuata rula.

"Zile ncha!" alisema.

"Zile ncha."

"Nijaribu na heksani, nione kama itakataa."

Mwalimu akamshika mkono. "Haitapinda. Ila rula hiyo ina chaji, cheche moja tu na huu mvuke, mkuu atatukuta tumekaangwa."

Walikuwa wakicheka bado walipogeuka kulitazama tone la sita.

Lilikuwa limefanya kituko. Lilianza kutandaa na kunywea upesi, kama lile la tano, la spiriti. Sasa nusu yake ilikuwa imekwenda, na kilichobaki kilikuwa kimejikusanya, kikasimama kama shanga, sawasawa na tone la pili, la maji.

"Vitu viwili hivi," alisema mwalimu akiinama. "Kilichoshikana kidogo kimetangulia, kilichoshikana zaidi kimebaki. Ni spiriti iliyotiwa maji. Imechakachuliwa."

Neno lile Mama Maabara alilijua. Aliwahi kuliona limeandikwa kwa wino mwekundu kwenye lebo iliyokuwa sasa tope sakafuni.

"Hiyo ni chupa ya Mzee Tochi," alisema.

Mwalimu alikuwa amekisikia kisa hicho ofisini juujuu. Mama Maabara akamsimulia. Mzee Tochi alikuwa mlinzi wa shule kwa miaka kumi na minne, jina alipewa kwa sababu ya tochi yake ndefu iliyomulika hadi dhamiri. Muhula uliopita taa za spiriti zilikataa kuwaka mbele ya darasa zima. Mwalimu wa wakati ule, ambaye sasa amehamishwa, aliionja spiriti kwa ncha ya ulimi, akasema mtu ameinywa na kujaza maji. Chupa ilikaa kwenye kabati la darasani, si stooni, na aliyekuwa na ufunguo wa darasa usiku alikuwa mlinzi peke yake. Ikaitishwa kamati. Mzee Tochi aliapa kwamba hajaonja hata tone tangu azaliwe. Akafukuzwa siku hiyo hiyo, na chupa ikarudishwa stooni.

"Pole yake," alisema mwalimu. "Akachukua spiriti, akajazia maji ya bomba."

Mama Maabara alikuwa amesogea dirishani. Macho yake yalikuwa kwenye vipande vya kioo. Jua lilikuwa limefika dirishani, tone la pili lilikuwa limekauka, na sasa hata la sita lilikuwa likimalizikia. Maji ya bomba pale shuleni yalikuwa na chumvi. Kila chombo alichowahi kukiosha alikifuta kabla hakijakauka, la sivyo kingebaki na duara jeupe. Alichukua kioo cha saba, akadondosha tone la maji ya bomba, akaliweka juani na mengine.

"Unafanya nini, mama?"

"Subiri."

Kengele ya mapumziko iligongwa, watoto wakapita wakipiga kelele, kengele ikagongwa tena. Kioo cha saba kilikauka kikiwa na duara jeupe, dhahiri kama alama ya chaki. Kioo cha pili kilikuwa safi, kama ilivyopaswa, kwa kuwa yale yalikuwa maji ya maabara, yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji, yasiyo na chumvi. Na kioo cha sita kilikuwa safi vilevile.

Maji ya maabara yalikaa kwenye dumu jeupe ndani ya stoo. Kando yake lilikaa dumu jeupe jingine, la spiriti. Ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja, nao ulikuwa umefungwa kiunoni mwake.

Alifungua mtoto wa meza, akatoa daftari la stoo. Hakuhitaji kutafuta sana. *Nimejaza chupa ya spiriti ya darasani, lita nusu.* Sahihi yake. Tarehe ilikuwa siku ya pili tangu arudi kazini kutoka kwenye yale mafua. Aliikumbuka vizuri siku ile: alilifungua dumu, akanusa kama desturi, hakusikia kitu, akasema moyoni pua bado imeziba, akamimina. Tarehe ya ugonjwa wake aliijua, na tarehe ya kamati aliijua. Katika miezi yote ile hakuwahi kuziweka pamoja.

"Mama?" Mwalimu alikuwa amesoma begani kwake. Akasema, "Labda…"

"Hapana labda hapa, mwanangu."

"Sikiliza. Namba sita hatuihitaji kwa mtihani. Tano zinatosha. Tunaweza kuimwaga sasa hivi, na hakuna atakayeuliza." Alisema kwa huruma tupu, na aliona haya hata kabla hajamaliza.

Mama Maabara aliifunika chupa namba sita, akakikaza kifuniko. "Iache hapo," alisema.

Saa nane alipeleka orodha ya chupa tano, kila moja na vipimo vyake, kwa mwandiko wake mwenyewe. Ya sita, alimwambia mkuu, ataieleza kesho. Mkuu aliitikia bila kuinua uso.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na hata nyumbani alimwita Fundi. Jioni ile alimkuta barazani akipinda suruali za shule, akakaa kando yake, akamweleza yote kwa mkupuo mmoja, pua na chupa na Mzee Tochi. Fundi aliendelea kukanyaga cherehani hadi mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Ya pua nilijua. Siku ile uliponipa maziwa yaliyochacha."

"Ukayanywa?"

"Niliyamwagia maua. Mimi ni mume, si shujaa."

Alicheka huku machozi yakimtoka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ilikuwa pua yako. Nikasema utaniambia ukiwa tayari." Akaikunja suruali, akaiweka juu ya nyingine. "Lakini hili la mzee wa watu, mke wangu, halingoji uwe tayari."

Asubuhi alipiga moyo konde, akaingia ofisini kwa mkuu na chupa namba sita, vioo vitatu na daftari. Hakukaa. Alieleza tangu mafua. Alionyesha kioo cha maji ya bomba chenye duara, kisha viwili vilivyo safi, kisha sahihi yake. Mkuu alisikiliza bila kumkatiza, na uso wake ulikuwa ukibadilika polepole.

"Unajua nilimwambia nini yule mzee?" alisema hatimaye. "Nilimwambia, mbele ya walimu wote, kwamba aone aibu na mvi zake."

"Nilikuwapo, mkuu."

"Na wewe ulinyamaza."

"Nilinyamaza kwa sababu niliamini ni yeye. Sote tuliamini. Hakuna aliyepima."

Mkuu alienda dirishani. Alipogeuka, sauti yake ilikuwa kavu kama siku zote. Akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo." Mama Maabara aliufungua kiunoni, akautoa. Kiuno kilimwia chepesi vibaya. "Stoo itakuwa na funguo mbili, na haifunguliwi mpaka muwe wawili, wewe na mwalimu. Ile barua niliyokuandikia naiondoa. Utapimwa kama wengine. Na kuficha kwako nitaandika kwenye faili lako, siwezi kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa." Akachukua mkoba wake. "Sasa twende."

"Wapi, mkuu?"

"Unadhani wapi?"

Mzee Tochi alikuwa akiishi chumba cha nyuma ya karakana ya seremala. Walimkuta ameketi kwenye benchi akishona kiatu, mkewe akianua nguo. Yule mke alipowaona hakusalimu. Alileta viti viwili, akaviweka chini kwa kishindo, akabaki amesimama. Mkuu alifungua mdomo, lakini Mama Maabara akamtangulia.

"Mzee mwenzangu, spiriti hukuinywa. Maji niliyatia mimi, bila kujua. Pua yangu ilikuwa imekufa nami nikajifanya hamna kitu. Nimekuja kukuambia hivyo mbele ya mkeo."

Sindano ilisimama. Mke wa Mzee Tochi aliziangusha nguo kwenye beseni, akajifunika uso kwa viganja. Mzee mwenyewe aliuliza jambo moja tu.

"Umejua lini?"

"Jana."

"Na siku ile, nilipokufuata pale maabara nikakuambia sijaonja hata tone. Uliniamini?"

Angeweza kudanganya. Mkuu alimtazama, hata yule mke alimtazama.

"Sikukuamini," alisema.

Mzee Tochi alitikisa kichwa, polepole, kama mtu aliyethibitishiwa kitu alichokijua siku nyingi. Hayo mengine yote alionekana kuyapokea. Hilo hakulipokea. Mkuu naye akasema yake. Aliomba radhi bila kuzunguka, akamwambia kazi yake ipo, na kwamba yale aliyomtamkia mbele ya walimu atayafuta mbele ya walimu wale wale.

"Mlipe hata na siku alizokaa hapa ananiangalia," alisema mke.

Alhamisi mtihani ulifanyika salama. Taa ziliwaka, tabaka la heksani lilielea lilipotakiwa kuelea. Jumatatu iliyofuata, kwenye kikao cha asubuhi, mkuu alisimama akasema aliyoahidi, akiwa amekunja mikono kama mwanafunzi. Mzee Tochi alisikiliza, akashukuru, akatoka kwenda getini akiwa na sare yake iliyonyooshwa pasi.

Hakumsemesha Mama Maabara. Wengine wote aliwaamkia, hata mbwa wa jirani alimpigia mluzi. Kwa Mama Maabara alifungua geti tu na kuangalia mbali. Wiki nzima ikawa hivyo, na ya pili. Mama Maabara hakulalamika. Alisema asante kila siku, akapita. Vipindi vya kemia vya kidato cha tatu alikuwa sasa akivihudhuria, ameketi dawati la nyuma na daftari jipya, mwalimu akiwa amemwombea ruhusa. Tathmini ile ya wasio na vyeti ilikuwa imebakiza miezi miwili, na alikuwa akiiogopa kama mtoto. Pua haikurudi. Daktari wa zahanati alimwambia huenda ikarudi, huenda isirudi.

Jumatano ya wiki ya tatu alifika getini mapema. Mzee Tochi alikuwa ameshika komeo, lakini hakulivuta.

"Nasikia unasoma na watoto siku hizi."

"Nasoma."

"Hivyo vitu vya kushikana."

"Hivyo."

Akaitazama barabara. "Haya niambie. Nta ya viatu vyangu. Mvua ikinyesha, maji yanateleza tu, yanakataa kukaa. Kwa nini?"

Nyuma yao wanafunzi walikuwa wameanza kurundikana. Mama Maabara aliweka mkoba chini. Akaanza na maji, jinsi yanavyong'ang'aniana yenyewe kwa yenyewe kwa zile haidrojeni, kisha akaingia kwenye nta, ambayo haina upande chanya wala hasi, ina ule mvutano wa kupita tu, haina la kuyashikia maji. Alitumia vidole, alitumia geti, alirudia mara mbili. Mzee Tochi alimsikiliza amekunja uso.

"Sijaelewa," alisema.

"Wapi hapo?"

"Hapo pa elektroni kuhangaika." Akavuta komeo, geti likafunguka, watoto wakamiminika ndani. "Kesho uje mapema tena, unirudie."